Mhimili wa Tatu wa Daraja la Babu Yako

Lusungu mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi mlangoni mwa bafu, wewe ukiwa na mswaki mdomoni, kwa hiyo naziruka. Nimekaa mezani jikoni. Begi lako kubwa limesimama kwenye korido na kila anayepita linamgonga goti. Umeshuka Rayners Lane kumnunulia bibi yako majani ya chai na zile biskuti anazozisikia tu kwenye simu. Mama yako yuko zamu hospitalini. Nina saa mbili au tatu za kuwa peke yangu na karatasi, na jua la mwezi huu hapa London halijui kwenda kulala, kwa hiyo sina hata kisingizio cha giza.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala mahali pa kuficha pasipoti, wala sweta. Hayo mama yako amekwambia mara tatu na atakwambia mara ya nne kesho uwanja wa ndege. Mimi nina jambo moja. Lazima ulijue kabla hujafika kwa bibi yako, na nimeshindwa kukwambia kwa mdomo tangu uzaliwe. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, kwa sauti, ukifuata mstari kwa kidole kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo. Ndivyo ninavyotaka lisomwe.

Juzi uliniita chumbani kwako.

"Dad, njoo uone. Nimemaliza!"

Ulikuwa umelijenga daraja la babu yako kwa vijiti, dogo la kuingia kwenye boksi la viatu. Paa lilikuwepo, kenchi zake zimekaa sawasawa, mihimili minne chini, na pembeni kuta mbili za vibao zilizopanda kutoka chini hadi kugusa paa, bila upenyo hata wa kupitisha kidole. Nikakuuliza mbona umezifunga hivyo.

"Si ulivyoniambia wewe, Baba? Exactly ulivyoniambia. Ulisema hata upepo haukuingia."

Nikasema, "Safi sana." Kisha nikashuka kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Kule kijijini miti imeshakatwa na kupasuliwa. Watu wanangoja mchoro wako, mjukuu wa fundi, msomi wa uhandisi kutoka Ulaya, wajenge upya. Na wewe umechora kwa kufuata hadithi za baba yako, badala ya vitabu vyako, kwa sababu ulitaka kunifurahisha. Mwanangu, daraja lile likijengwa hivyo litaua mtu. Najua, kwa sababu lilishaua. Baba yako mdogo Festo hakuchukuliwa na mafuriko kama nilivyokusimulia. Alikufa kwa sababu ya vibao hivyo vya pembeni, na aliyevipigilia ni mimi.

Hapo nimenyanyuka kunywa maji. Nimerudi.

Acha nianze na daraja lenyewe, maana historia yake nilikupa nusu. Kijiji chetu kiko juu kwenye baridi, upande wa Njombe, na mto wetu Luhaji si mpana ila umezama kwenye korongo. Ng'ambo ndiko kuliko na soko, zahanati na shule. Zamani palikuwa na magogo matupu. Yalidumu masika manne, matano, kisha yanaoza, watu wanatumbukia, wanakata mengine. Babu yako alikuwa kijana aliyefundishwa useremala misheni na bruda mmoja wa Kizungu, mtu wa nchi ya milima, ambaye aliwahi kuwaambia yeye na wenzake kwamba kwao madaraja yanaezekwa kama nyumba. Wenzake wote walisahau. Yeye hakusahau.

Alipoanza kulijenga alichekwa vya kutosha. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya nyasi na inavuja. Bibi yako, wakati huo bibi arusi, alikuwa akihamisha masufuria usiku kucha kukinga matone, na mumewe yuko mtoni anauezekea mto. "Kijana wa ajabu," watu walisema, "mkewe analowa, samaki wanakaa pakavu." Alicheka nao na akaendelea kupiga randa. Kila kaya ilimletea vibao vya kuezekea, vilivyopasuliwa kwa shoka, na kila ubao alijua umetoka kwa nani. Ukivuja mahali, alikuja mlangoni kwako wewe.

Watu wanadhani paa la daraja ni la wapita njia. Si lao. Wapita njia hufaidi tu. Paa ni la mihimili, ili mvua isiikute. Lakini babu yako alijua kwamba hata ufanyeje, unyevu utaingia: kwa miguu ya watu, kwa kwato, kwa ukungu wa mto. Ukishaingia lazima upate njia ya kutoka. Ndiyo maana kuta zake ziliishia kifuani, juu pakaachwa wazi, na zile mbao za chini kabisa, karibu na mihimili, hakuzipigilia msumari. Alizichomeka tu ili zing'olewe kila kiangazi. "Mbao inapumua," alikuwa akisema. "Uiwekee paa, usiizibe pua."

Na daraja likawa kama sebule ya kijiji. Akina mama walipumzika humo na vikapu vya njegere. Washenga walisimama hapo kukubaliana nani ataanza kusema. Jeneza likitoka ng'ambo lilitulizwa katikati ya daraja, watu wakavua kofia, kisha likaendelea. Juu kwenye kenchi walijaa mbayuwayu, wanaingia na kutoka, na kuwachafulia watu mabega.

Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, kulikuwa na siku ya kugonga. Mbao za chini zinang'olewa, kijiji kizima kinakuja. Mtu mmoja anashuka chini ya daraja na chuma chembamba chenye mpini wa mpera, kirefu kama kiganja cha mkono. Anakichoma kwenye mhimili kwa nguvu zake zote. Mti mzima hukikataa chuma, na mtu wa chini hupaza sauti: "Kimegoma!" Juu yake mwenzake, mwenye nyundo ya mti, hugonga sakafu mara moja kumjibu, nao wanahamia mhimili unaofuata. Mti uliooza unakipokea chuma. Basi mtu wa chini husema, "Kimezama!" Hapo hakuna anayegonga. Daraja linafungwa siku hiyohiyo, hata kama ng'ambo kuna harusi, mpaka mhimili ubadilishwe.

Wewe kila nikikuhadithia haya ulikuwa unagonga meza. Nilikuwa nakuhadithia mpaka kwenye "kimegoma," halafu nakwambia kalale.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi kijana, mikono yangu myepesi kuliko ya baba yangu na kila mtu ananiambia. Mwaka ule baridi ilikuwa kali, na wazee waliokaa darajani siku za soko walilalamika kwamba upepo unawakata. Nikasema mimi nitawafungia. Nikapasua mbao nzuri za msindano, nikaziba upande wote kutoka kifuani hadi kwenye paa. Nilipofika chini nikaona zile mbao za kuchomeka zinachezacheza, zinaharibu sura ya kazi yangu. Nikazipigilia nazo, misumari ya inchi nne. Babu yako alikuja akaangalia kwa muda mrefu.

"Yohana, mbao inapumua."

"Mzee, hizo ni imani za bruda wako. Ona watu walivyofurahi."

Na kweli walikuwa wamefurahi, wamejaa humo wanakunywa chai bila kutetemeka, wananiita fundi mkuu mbele ya fundi aliyelijenga. Alinitazama, akatazama watu, akatabasamu. Alinyamaza kwa sababu alikuwa ananionea fahari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi wote tulikuwa walevi wa sifa siku ile, baba na mwana. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na ndiyo shida. Mbayuwayu walizunguka paa siku tatu wakitafuta mlango, kisha wakahama.

Mwaka wa pili baada ya hapo nikapata safari ya huku. Siku ya kugonga iliangukia siku tisa kabla ya kuondoka kwangu. Babu yako mgongo ulikuwa umemkamata, hakuweza kushuka, akanipa mimi chuma. Mwenye nyundo juu alikuwa Festo, mdogo wangu, miaka kumi na tisa. Alikuwa na kicheko cha kupasua mbavu na alikuwa ameshaniomba viatu vya mpira kutoka London, namba nane. Mbao za chini hazikung'olewa mwaka ule, kwa sababu nilizipigilia. Nikapita chini yake tu, nimesimama kwenye ubao ulioning'inizwa kwa kamba, maji yananguruma chini ya miguu yangu.

Mhimili wa kwanza. "Kimegoma!" Festo akagonga. Wa pili. "Kimegoma!" Akagonga. Wa tatu nikakisukuma chuma, kikaingia mpaka kwenye mpini. Hakikutoa hata sauti. Kiliingia kama kwenye kiazi kilichoiva. Nilipokivuta kilitoka na unga wa rangi ya kahawia, umelowa.

Nilisimama pale, mwanangu. Ningesema neno moja, watu wangeshuka na mitarimbo kung'oa vibao vyangu mbele ya macho yangu, na kila mtu angejua ni kwa nini mti umeoza. Safari ingeahirishwa, lakini sitajificha nyuma ya safari. Ilikuwa aibu. Mbuzi wa kuniaga alikuwa ameshafungwa kambani. Nikajiambia mihimili mingine bado mizima, mwaka mmoja daraja litavumilia, nikifika London nitawaandikia.

"Vipi huko chini?" Festo akaita.

"Kimegoma!"

Akagonga. Mlio ule mmoja wa nyundo, juu ya kichwa changu, na sauti yake: "Haya, wa nne!" Sijawahi kusikia mlango ukigongwa katika nchi hii nisiusikie huo kwanza.

Nikaja. Nilikaa Neasden, chumba kimoja watu wanne, nikapata kibarua kwa Bwana Kanti, yule mzee wa Kihindi wa Mwanza mwenye duka la mbao na milango pale Harrow, unamkumbuka, aliyekuwa akikupa peremende. Kila wiki nilisema nitaandika Jumapili. Jumapili ikifika naandika habari za baridi na za treni, namsalimu kila mtu kwa jina, na mhimili wa tatu siutaji. Watu husema walikosea mara moja, ghafla, shetani aliwapitia. Mimi sikukosea ghafla. Nilikosea kila Jumapili kwa miezi mitano, na kalamu mkononi.

Mwezi wa Machi simu ikapigwa dukani. Mto ulikuwa umejaa, Festo alikuwa anavuka na baiskeli iliyobeba viazi, na sakafu ikafunguka chini yake. Aliyepiga simu alisema, "Festo amekwenda na maji." Na mimi, kabla hata sijalia, nikasema, "Mafuriko?" Nilimpa lile neno mimi, yeye akalipokea. Bwana Kanti alifunga duka, akanikalisha juu ya rundo la mbao, akanipa chai ya tangawizi. "Pole sana, fundi," alisema. "Maji haina adabu." Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo mafuriko yalipozaliwa, na ndiyo hayo niliyompa mama yako, na ndiyo niliyokupa wewe.

Lakini kule kijijini babu yako hakusema mafuriko. Watu walipokutana barazani aliinuka akasema, "Mti ni wangu, kazi ni yangu, kosa ni langu." Akaweka randa yake juu ya dari, asiishushe tena. Fundi mzima akawa mtu wa kulima maharage. Na watu, unawajua watu, walianza kukumbuka kwamba hata meza yake fulani iliwahi kuyumba. Niliandikiwa yote hayo. Katika barua moja aliniuliza, mstari mmoja tu chini kabisa, "Chuma chetu hukukiona?" Nikamjibu sikukiona. Kilikuwa kwenye begi langu, ndani ya soksi. Nilikuwa nimeondoka nacho, na sijui hadi leo kama nilikisahau humo au nilikificha.

Mimi na wewe tunajua nilivyokuwa nikikujibu ulipouliza kwa nini hatuendi kwa babu. Kwanza karatasi za ukaazi hazijatoka, na hilo lilikuwa kweli. Zilipotoka ikawa kazi, kisha nauli, kisha shule yako. Yeye alipofariki ulikuwa na miaka tisa. Nilimwambia mama yako nimenyimwa ruhusa kazini. Sikuomba ruhusa. Siku ya mazishi nilitembea kutoka hapa hadi Harrow na kurudi, kisha nikakaa kwenye ngazi. Ukaniletea blanketi lako la sungura, ukaniuliza, "Baba, are you cold?" Nikasema ndiyo. Hata hilo nilidanganya.

Unanijua nilivyo mkorofi kwenye mbao za watu. Bwana Kanti alikuwa akinilaumu kwamba namfukuzia wateja. Kuna bibi mmoja wa hukuhuku Rayners Lane alitaka dirisha lake lipakwe rangi tu. Nikalichoma kwa chuma, kikazama, nikakataa kupaka.

"Fundi, hii dirisha ya mtu, siyo ya kwako," Bwana Kanti akanifokea. "Piga rangi twende. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Limeoza, bwana. Sipaki."

Niligombana naye kwa ajili ya kipande cha dirisha ambacho kingemwangukia paka. Aliniambia mimi ndiye fundi mwaminifu kuliko wote aliowahi kuwaajiri.

Sikuandikii haya ili unihurumie, ingawa jina lako lina maana hiyo, na nilipokupa nilijua ninaomba nini. Nakuandikia kwa sababu ukifika utakaa jikoni kwa bibi yako, na watu watakuja kukusalimu, na mmoja wao kwa nia njema kabisa atakwambia, "Babu yako alikuwa mtu mzuri, ila daraja hakulijenga vyema." Sitaki uinamishe kichwa. Alilijenga vyema. Lingekuwa limesimama leo.

Kuna jambo moja nililojifunza na nitalisema mara moja tu, maana hupendi kuhubiriwa na mimi sina mimbari. Siku utakapokosea, na utakosea, aibu itakuwa kubwa siku ya kwanza kuliko siku nyingine yoyote. Mimi nilidhani itapungua nikingoja. Haikupungua, na kila mwaka ulioongezeka ulinipa uongo mwingine wa kuulisha ule wa kwanza.

Nilikuwa nimefika hapo nikitaka kukuomba. Mstari uliofuata ulikuwa hivi: "Ukifika, mweleze bibi yako polepole." Nimeuandika, nikautazama, nikaukata. Unauona hapo juu ya mstari huu, umechorwa weusi. Nilikuwa nakutuma wewe uende chini ya daraja badala yangu. Nikaweka kalamu, nikachukua simu, nikampigia bibi yako. Kwao ilikuwa saa mbili usiku, ameshakula.

Kwanza aliuliza kama umeshafunga mizigo. Nikasema, "Mama, nina neno." Nikamweleza. Sikuruka kitu: vibao, misumari, mhimili wa tatu, Festo akigonga, Jumapili zote.

"Umechelewa, mwanangu," akasema.

"Najua, Mama."

"Hujui. Baba yako alijua."

Sikuelewa. Akaniambia taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi. Siku ya tatu baada ya kumzika Festo, maji yalipopungua, babu yako alishuka mtoni peke yake, na mgongo wake ule. Akaukuta mhimili uliovunjika umekwama kwenye mawe. Pembeni ya mahali ulipokatikia aliona tundu la chuma, limeingia mpaka alama ya mpini. Tundu la chuma chake alilijua kama anavyojua jino lake. Akaenda kuchukua msumeno, akakikata kipande kile, akakifunga kwenye koti, akakileta nyumbani kabla watu hawajaamka.

"Kiko chini ya kitanda changu," bibi yako akasema. "Siku ile ndipo alipokwenda barazani akasema kosa ni lake. Nilimwuliza, mbona unajipaka matope? Akasema, wakijua ni Yohana hatarudi kamwe. Wakidhani ni mimi, atarudi, na akirudi atasema mwenyewe."

"Kwa nini hamkuniambia kwamba mnajua?"

"Alikuuliza habari za chuma. Alikufungulia mlango. Ukasema hukukiona."

Nililia, Lusungu. Nililia kwa sauti jikoni hapa, mtu mzima, mpaka jirani akazima redio yake. Nikamwuliza kama amenisamehe.

"Festo nilimzaa mimi pia," akasema. "Kusamehe ni jambo lingine, sijalifikia. Baba yako alikungoja mpaka akafa. Mimi bado nangoja. Wewe uje kwanza."

Kisha akauliza kama unakula ugali au akutafutie wali, na simu ikaisha.

Kwa hiyo barua hii sasa ni tofauti na ile niliyoianza. Bibi yako anajua, huna mzigo wa kumfikishia. Mama yako nitamwambia kesho tukirudi kutoka uwanja wa ndege, ndani ya treni, ambako siwezi kukimbia. Wewe utakuwa hewani, na utakuwa na haki ya kunikasirikia. Usinipigie simu kabla hujawa tayari. Nitaumia, lakini usipige kwa kunionea huruma.

Mchoro ubadilishe. Kuta ziishie kifuani. Juu acha wazi, upepo uwakate wazee, watavaa makoti. Mbao za chini zichomekwe, asiziguse mtu na msumari, hata akija fundi kijana anayesifiwa na kijiji kizima.

Chuma nimekiweka kwenye begi lako kubwa, ndani ya soksi ileile. Mpini umelainika kwa mkono wa babu yako kuliko wangu. Kabla miti mipya haijapandishwa, ichome yote kwa chuma hicho. Ukiambiwa unachelewesha kazi, chelewesha.

Na kile kipande chini ya kitanda cha bibi yako, usikivute, hata akikuruhusu. Siku ya kugonga ni mwezi wa kumi. Nakutajia mwezi kabla sijakata tiketi, ili nisipate pa kujificha. Nitakuja, nikitoe mwenyewe, nikipeleke barazani, nikitie chuma kwenye tundu lake mbele ya bibi yako na mbele ya wote waliosema babu yako hakujua kazi. Na nitalisema kwa sauti lile neno ambalo Festo alikuwa akilisubiri juu yangu na nyundo mkononi.

Kimezama.

Baba yako,
Yohana